Nafasi ya Tatu

Philister alikuwa na dosari zake, na mumewe angeweza kukutajia zote kabla chai haijapoa, lakini kusitasita hakukuwa mojawapo. Akiegesha gari, aliegesha mara moja. Akimchoma mgonjwa sindano, hakuutafuta mshipa mara mbili. Na kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba, aliposimama katika ukumbi wa kanisa lao pale Brooklyn Park na faili lake la buluu kifuani, hata wale wasemaji wakubwa wa vikao vya kwaya walinyamaza wenyewe.

Alikuwa amekuja kugawa fomu za kutabiri msimamo wa ligi ya vyuo, ligi ya hoki ya barafuni. Usicheke. Ni kweli nusu ya waumini wale ni Wakenya waliozaliwa mahali ambapo barafu ilionekana ndani ya friji tu, na nusu nyingine ni Wakongomani wa Kivu waliofika Minnesota baada ya miaka mingi kambini. Lakini mtu akikaa mahali ambapo majira ya baridi yanachukua miezi sita, atafuata mchezo wa hapo ama atazungumza na kuta. Philister aliufuata tangu alipokuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee. Kulikuwa na babu mmoja aliyekataa kumeza dawa mpaka kwanza amweleze Philister kwa nini mchezaji fulani ametolewa nje dakika mbili. Dawa zilikuwa tatu kwa siku, kwa hiyo Philister alijifunza haraka.

Shindano lenyewe lilikuwa rahisi. Ligi ina timu nane. Kabla ya msimu kuanza, kila mshiriki anaziandika kwa mpangilio anaoamini zitamalizia mwezi Machi, kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Msimu ukiisha, Philister anahesabu: timu uliyoiweka ya pili ikimaliza ya tano, umekosea nafasi tatu, unaandikiwa tatu. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye bingwa. Hela haikuingia kabisa, kwa sababu Mchungaji Zachariah alisema mwaka wa kwanza kwamba siku atakayosikia neno kubeti, shindano litazikwa bila maombi. Zawadi ya bingwa ilikuwa kupanga vyakula vya Pasaka. Yeye anataja, kanisa zima linapika. Kwa kuwa mabingwa wote watano walikuwa Wakenya, Wakongomani walikuwa wamekula pilau na chapati Pasaka tano mfululizo, na walikuwa wamekula kwa adabu.

Majina halisi ya timu waliwaachia wenyewe Wamarekani. Waumini walizibatiza kwa kutazama jezi, ikapatikana Korongo, ikapatikana Zambarau, wakapatikana Wakata Magogo, na kadhalika mpaka ya nane.

Kila Oktoba, baada ya kukusanya fomu, Philister alirudia maneno yale yale. Alilipiga lile faili kofi.

"Mimi huwa sikosei hesabu. Atakayenipata na kosa, hata moja, faili ni lake na shindano ni lake. Mimi nitaenda kukaa kule nyuma na watoto. Mchungaji ni shahidi."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Miaka mitano hakuna aliyewahi kumpata na kosa, na Philister alilitembeza jambo hilo kama mtu anavyotembeza gari jipya mtaani.

Msimu wa sita ukaisha Jumamosi moja ya Machi, theluji ingali imerundikwa kwenye pembe za maegesho, nyeusi kwa vumbi. Philister hakuwa mtu wa kunakili msimamo kutoka mtandaoni. Alikuwa na matokeo ya kila mchezo kwa mwandiko wake, tangu Oktoba, na msimamo aliujenga mwenyewe kwenye meza ya jikoni asubuhi ya Jumapili huku uji ukichemka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nafasi ya tatu. Pale Korongo na Wakata Magogo walikuwa wamelingana, pointi arobaini na moja kila mmoja.

Hakufikiri hata sekunde. Alikulia Kisumu, katika nyumba ambayo baba na kaka zake walibishania tofauti ya magoli kama watu wengine wanavyobishania mpaka wa shamba. Pointi zikilingana, unaangalia magoli. Korongo walikuwa na ziada ya magoli kumi na tisa, Magogo kumi na moja. Korongo wa tatu, Magogo wa nne, kwisha. Akaepua uji.

Saa nane mchana, ibada ilipokwisha, alitangaza. Bingwa ni Duncan, shemeji yake, alama nne. Wa pili ni Hategekimana, alama sita. Duncan alicheza kuanzia kiti chake mpaka kwenye madhabahu na kurudi, akatangaza papo hapo kwamba Pasaka hii ni nyama choma, na wale wa kuuliza habari za mboga waulize kwingine.

Hategekimana alipiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, na watu walimwita Papa Heri kwa jina la mwanawe wa kwanza. Zamani alifundisha hesabu karibu na Rutshuru, kule Kivu. Sasa aliendesha zamboni, ile mashine kubwa ya kulainisha barafu, katika uwanja mmoja wa kule kusini karibu na Savage. Kila Jumapili alisafiri dakika arobaini na familia yake kuja kanisani. Philister alimwona akikunja karatasi yake mara nne na kuitia mfukoni, akamhurumia. Kushindwa kwa alama mbili kunauma.

"Papa Heri, usijali, mwaka ujao ni wako!"

"Njo vile, Mama Joan," alimjibu Philister akitabasamu. "Félicitations, hongera kwa kazi."

Jumamosi iliyofuata Philister alimpeleka binti yake Joan, wa miaka tisa, kwenye darasa la kuteleza kwenye barafu. Darasa lilikuwa kwenye uwanja ule ule wa Papa Heri, na ndiye aliyemtafutia mtoto nafasi. Wakati Joan anafunga kamba za viatu, Philister akasogelea ubao wa matangazo, kwa kuwa hakuweza kupita karatasi yenye namba bila kuisoma. Hapo palibandikwa msimamo wa mwisho wa ligi, umechapwa vizuri, na nembo juu.

Wa tatu, Wakata Magogo. Wa nne, Korongo.

"Hawa wamekosea," alisema kwa sauti. Joan akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba labda wenye ligi wanaijua ligi yao. Philister hakumsikia. Alikwishatoa kalamu kwenye mkoba, akapiga mstari juu ya jina la Magogo, akachora mshale wa kuwashusha chini. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa karibu alisogea kando na kikombe chake cha kahawa.

Hategekimana alikuwa juu ya mashine upande wa pili wa kioo. Alipomwona Mama Joan anasahihisha ubao wa uwanja, aliizima, akashuka, akaja mbio kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapaswi kukimbia karibu na barafu.

"Mama Joan, acha. Acha kalamu."

"Papa Heri, nani ali-print hii kitu? Magogo wana magoli machache. Nime-check mwenyewe."

Hategekimana akavua glavu moja, kisha nyingine. Alionekana kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Bon," alisema mwishowe. "Hii si football, Mama Joan. Kwa football, timu mbili zikilingana, unaangalia magoli. Kwa ligi hii unaangalia kwanza hao wawili walipokutana. Walikutana mara ine. Magogo alipiga Korongo mara tatu. Donc Magogo njo wa tatu. Magoli inakuja nyuma kabisa."

Matokeo ya michezo ile minne Philister alikuwa nayo nyumbani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaanza kuhesabu pale pale, kichwani, kwa sababu hilo ndilo aliloweza kufanya. Duncan aliwaweka Korongo wa tatu, Magogo wa nne. Anaongezewa mbili, anakuwa na sita. Hategekimana aliandika kinyume. Anapunguziwa mbili, anabaki na nne.

"Wewe ndiye bingwa," alisema.

"Njo vile."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulisoma jina ya Duncan."

"Na ukanipigia makofi!" Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ile ilimfaa kidogo kwa kuwa ilizuia aibu isifike usoni. "Mbona ukaninyamazia? Uliniogopa?"

Hategekimana akacheka, kicheko cha kweli.

"Wewe? Mama Joan, mimi nimeogopa vitu vingine." Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Ulisema mwenye kukupata na kosa, faili ni yake, wewe unakaa nyuma. Ulisema mbele ya watu wote, na pasta akasikia. Nikisema, unaachia. Nakujua, uko kichwa nguvu, utaachia kweli. Na ukiachia, hii kitu inakufa. Nani mwingine atapigia watu makumi ine simu, moja moja, mpaka walete fomu?"

"Mtu yeyote anaweza."

"Hapana. Niko hapa miaka sita. Kazini wananiuliza kama barafu iko tayari. Kwa daktari wananiuliza pahali inauma. Kwa masomo ya Heri wananiuliza kama nimesaini karatasi. Wewe njo mtu wa kwanza aliniuliza mimi nafikiri nini. Tena ukaandika, ukaweka ndani ya faili. Sasa nikuharibie hiyo sababu ya chakula ya Pasaka?"

Mtu alimwita kutoka upande wa pili, watoto walikuwa wanangoja barafu. Hategekimana akavaa glavu, akarudi kwenye mashine yake, akaanza kuzunguka polepole kama anayelima shamba la mtu mwingine. Philister alibaki mbele ya ubao na kalamu mkononi. Akafuta ule mshale kwa kidole, lakini wino haukukubali, ukasambaa tu.

Njiani kurudi, kwenye barabara ya 169, shetani alimtembelea, na hakuhitaji kubisha hodi. Nani anajua? Papa Heri hatasema. Duncan amekwisha kununua mbavu za ng'ombe na kuzijaza kwenye friza. Wenzake wote walikulia kwenye mpira wa miguu na wote wataapa ni magoli. Faili linaweza kubaki mahali pake, na mwaka ujao akaongeza sheria ya kukutana ana kwa ana, kimyakimya, mwishoni mwa fomu, kwa herufi ndogo. Alipenda faili lile. Tuseme ukweli, alilipenda kuliko kazi yake na karibu sawa na kwaya. Kulitoa kwa mtu mwingine kulimuuma kabla hata hajalitoa, na machozi yalimjia pale pale usukani mkononi, Joan akiwa nyuma anakula biskuti.

Lakini kila alipojaribu kujishawishi, aliyaona yale makofi ya Papa Heri. Mtu ameshinda, amenyimwa, na amesimama anampigia makofi aliyemnyima. Philister aliweza kuvumilia kukosea. Kuhurumiwa hakuweza. Walipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuamua, na kwa kawaida yake, akiamua, kesi imefungwa.

Jumapili alimwomba Mchungaji Zachariah dakika tano baada ya matangazo. Akasimama mbele na faili kifuani, mgongo umenyooka, akasema kwa sauti ile ile ya Oktoba.

"Wapendwa, wiki iliyopita niliwatangazia bingwa ambaye si bingwa. Kosa ni langu. Nilihesabu magoli mahali ambapo ligi inahesabu nani alimpiga nani. Bingwa wa kweli ni Papa Heri, alama nne. Duncan ni wa pili, alama sita."

Upande wa Wakongomani mama mmoja akapiga vigelegele, na upande wa Wakenya Duncan akasimama.

"Shemeji, hapana! Kila mtu anajua ni magoli! Na nyama je? Iko kwa freezer!"

"Nyama haiozi kwa freezer, Duncan. Keti."

Watu wakacheka. Mchungaji Zachariah, ambaye hupenda kila jambo liishe kwa kushikana mikono, alisimama nusu akapendekeza kwamba mwaka huu tuwe na mabingwa wawili, ndugu katika Bwana. Philister akatikisa kichwa.

"Mchungaji, nilikufanya shahidi mbele ya hawa wote, miaka sita. Nilisema atakayenipata na kosa, faili ni lake. Aliyenipata ni yeye." Akalishusha faili kutoka kifuani. "Kama neno langu linafanya kazi siku ninaposhinda tu, basi sio neno."

Akashuka kati ya viti mpaka safu ya tano, mahali Hategekimana alipokuwa ameinamisha kichwa karibu na mkewe Mukandayisenga. Akamnyooshea faili kwa mikono miwili. Hategekimana alilitazama faili, akamtazama mkewe, mkewe akamsukuma kwa kiwiko, akasimama na kulipokea.

"Faili ni yangu?" aliuliza.

"Ni lako."

"Na sheria ni zangu?"

"Zote."

"Hata nikibadilisha?"

"Papa Heri, badilisha unavyotaka." Philister alikuwa amekwisha kukitazama kiti cha nyuma kabisa, kile cha karibu na watoto, na alitaka kufika hapo kabla uso haujamsaliti.

"Bon. Basi nabadilisha moja tu." Akaligeukia kanisa, na kwa mara ya kwanza wengi wao walisikia sauti yake ya darasani, sauti ya mtu aliyezoea watoto sitini na chaki moja. "Kuanzia leo, mwenye kuhesabu akikosea, mtu anamwambia, anasahihisha, na anaendelea na kazi yake. Hakuna mtu wa kukaa nyuma. Hakuna mtu wa kupoteza faili." Kisha akamrudishia Philister lile faili, naye kwa mikono miwili. "Shika, Mama Joan. Mimi niko na barafu ya kutengeneza. Na Pasaka ni sombe."

Ukumbi ulilipuka. Wakongomani walikuwa wamesimama, Duncan alikuwa anauliza kama sombe, yale majani ya muhogo, inakwenda na mbavu, na Philister alilishika faili asijue aliweke wapi, maana mikono yake ilikuwa imejiandaa kubaki mitupu. Alilia waziwazi na hakujali.

Makelele yalipopungua, mkono mmoja ukainuka upande wa Wakenya. Alikuwa Wanjohi, fundi wa umeme, mtu ambaye kwa kawaida hata amina aliisema kwa sauti ya chini.

"Mama Joan," alisema, "sasa kwa sababu hakuna kitu una-lose tena... Mwaka wa pili ulinipa alama kumi na sita. Zilikuwa kumi na nne. Nilifaa kuwa number two."

Philister akamkazia macho. "Mwaka wa pili? Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ungeacha."

"Mimi pia," alisema Mumbi wa kwaya, akainuka. "Mwaka wa tatu. Fomu yangu uliisoma kama ya Maureen, na yake kama yangu. Tulijua sisi wawili. Tukaona tunyamaze tu."

Mkono mwingine ukainuka, na mwingine nyuma yake. Rigobert wa upande wa Wakongomani alikuwa na kosa la mwaka wa nne, na alilikumbuka hadi nafasi ya timu. Mwishowe Mchungaji Zachariah mwenyewe akakohoa mbele kule. "Dada Philister," alisema, "mwaka jana uliniruka kabisa. Sikuwa hata kwenye orodha."

Philister alizungusha macho ukumbini. Miaka mitano alikuwa akiuchukua ukimya wa watu hawa kuwa ushahidi kwamba hakosei, akauvaa na kutembea nao. Kumbe walikuwa wakimwona kila mwaka, mmoja hili, mwingine lile, na kila mmoja alikwenda nyumbani na kosa lake mfukoni kwa sababu yeye alikuwa amewaambia kulitaja ni kumpoteza. Ilimuuma vibaya, na ilikuwa tamu, na hakuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Akahesabu mikono. Ilikuwa saba. Akarudi mbele, akavuta kiti, akafungua faili kwenye ukurasa mtupu na kufuta uso kwa kiganja.

"Mmoja mmoja," alisema, akitoa kalamu. "Na mwenye kosa kubwa aanze."